Lord Edward FitzGerald, Mtoto wa Duke Aliyefia Gerezani

Magharibi ya jiji la Dublin, nchini Ireland, kuna mji mdogo uitwao Maynooth. Mafrateri wengi tumewahi kulisikia jina hilo kwa sababu ya seminari yake, iliyoanzishwa mwaka 1795. Waanzilishi wa Shirika la Mtakatifu Patrisi la Kiltegan, ambalo mapadre wake wamehudumu miaka mingi Kitui na Turkana, walisoma hapo. Pembeni mwa mji huo lipo jumba kubwa la Carton, lililokuwa makao ya ukoo wa FitzGerald. Duke wa Leinster, mkuu wa ukoo huo, ndiye aliyesaidia kupatikana kwa mahali pa kujenga seminari, ingawa yeye mwenyewe alikuwa Mprotestanti. Duke huyo alikuwa na mdogo wake. Mwaka mmoja baada ya seminari kufungua milango, mdogo mtu aliingia katika mpango wa kuipindua serikali. Huyo ndiye tunayemzungumzia leo, Lord Edward FitzGerald.

Alizaliwa tarehe 15 Oktoba 1763. Baba yake, James FitzGerald, alikuwa Duke wa kwanza wa Leinster, na katika Ireland yote hapakuwa na kabaila mwenye cheo kikubwa kuliko chake. Mama yake, Emily Lennox, alitoka katika uzao wa Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza. Mama huyu alizaa watoto 22 katika ndoa zake mbili, na wengi wao aliwazika wakiwa wadogo. Alikuwa msomaji wa vitabu vya Jean-Jacques Rousseau, hata akamwalika mwanafalsafa huyo aje Ireland kuwafundisha watoto wake. Rousseau hakuja. Badala yake akaajiriwa mwalimu kutoka Scotland, William Ogilvie, aliyewalea watoto karibu na bahari, wakilima bustani, wakivuna majani na kuogelea, kwa kufuata mawazo ya kitabu kiitwacho Emile. Sisi tunaosoma falsafa tunakijua kitabu hicho kama moja ya vile vilivyowekwa na Kanisa katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Duke alipofariki mwaka 1773, mjane wake hakukaa muda mrefu akaolewa na mwalimu huyo huyo. Watu wa tabaka lao walishangaa sana. Edward alikuwa na miaka kumi tu, na alimpenda baba yake wa kambo hadi mwisho.

Ili tumwelewe kijana huyu ni lazima tutazame nje ya uzio wa jumba lao. Takriban robo tatu ya wananchi wa Ireland walikuwa Wakatoliki, na sheria zilizotungwa tangu mwishoni mwa karne ya 17 zilikuwa zimewafanya wageni katika nchi yao. Mkatoliki hakuruhusiwa kukaa bungeni, wala kupiga kura, wala kuwa ofisa wa jeshi, na kwa muda mrefu hakuruhusiwa kununua ardhi. Aliyeitwa kwenye upadre alivuka bahari kwenda kusoma Paris, Louvain, Salamanca au Roma. Baadhi ya sheria hizo zilikuwa zimeanza kulegezwa Edward alipokuwa kijana, lakini msingi wake ulikuwa palepale: wachache wenye ardhi na dini ya mfalme walitawala, na wengi walilipa kodi ya pango. Familia ya Edward ilikuwa miongoni mwa hao wachache. Chakula alichokula, farasi aliyempanda, na mwalimu wake pia, vyote vililipwa na jasho la wapangaji wa mashamba.

Mtoto wa tano wa kiume katika nyumba ya namna hiyo hakuwa na matumaini ya kurithi cheo. Njia yake ilikuwa jeshi. Akiwa na miaka 16 aliingia jeshi la mgambo, na mwaka uliofuata akawa luteni katika jeshi la Mfalme George wa Tatu. Mwaka 1781 alipelekwa Marekani, ambako makoloni yalikuwa yamejitangazia uhuru na Uingereza ilikuwa ikipigana kuyarudisha. Tuseme wazi kwamba alikwenda kwa furaha. Hakuna dalili kwamba alijiuliza hata mara moja kama vita ile ilikuwa ya haki. Alikuwa askari hodari, mwepesi wa kucheka, aliyependwa na wenzake.

Tarehe 8 Septemba 1781, katika jimbo la South Carolina, yalipiganwa mapigano ya Eutaw Springs. Kila upande ulikuwa na watu wapatao elfu mbili, na damu nyingi ilimwagika. Edward alijeruhiwa vibaya pajani, akaanguka na kupoteza fahamu. Jeshi likasogea, yeye akaachwa kati ya maiti. Alikuwa hajatimiza miaka 18.

Aliyemkuta ni mtu mweusi, mtumwa aliyekuwa amewatoroka mabwana zake. Jina lake Tony Small. Wakati ule Waingereza walikuwa wametangaza kwamba watumwa wa waasi watakaokimbilia upande wao watapata ulinzi, si kwa sababu waliuchukia utumwa, bali kwa sababu walitaka kuwadhoofisha maadui. Hivyo maelfu walikuwa njiani na maporini, wakitafuta njia katikati ya majeshi mawili ambayo hakuna hata moja lililowapenda. Mtu kama huyo alikuwa na kila sababu ya kupita na kwenda zake. Tony hakupita. Alimbeba yule kijana mgongoni hadi kibandani kwake, akamfunga jeraha na kumuuguza mpaka alipoweza kurudishwa kwa wenzake.

Ndugu msomaji, bila shaka umekwisha kumkumbuka Msamaria. Sisi pia tulimkumbuka. Lakini katika mfano ule Msamaria alilipa dinari mbili, akaendelea na safari yake, na hatusikii tena habari za yule aliyeokolewa. Hapa tunazisikia. Edward alimwambia Tony abaki naye kama mtu huru wa kulipwa mshahara, na tangu siku ile hawakuachana kwa karibu miaka 17. Walikwenda pamoja visiwa vya Karibi, Ireland, Canada na Ufaransa. Edward aliagiza mchoraji amchore Tony picha, jambo ambalo makabaila waliwafanyia jamaa zao na farasi zao, mara chache sana watumishi wao. Katika barua kwa mama yake alimtaja Tony mara kwa mara na kwa upendo. Hata hivyo, Tony alibaki mtumishi. Alipika, alifua, alitandika farasi. Aliyeokoa uhai ndiye aliyesimama nyuma ya kiti, na aliyeokolewa ndiye aliyekaa mezani. Waandishi wengi wa maisha ya Edward wanalipita jambo hili upesi, wakisema tu kwamba walikuwa marafiki. Sisi hatuwezi kulipita upesi hivyo. Huenda walikuwa marafiki kweli, lakini ni mmoja tu kati yao aliyekuwa na uwezo wa kuuvunja urafiki huo bila kupoteza riziki yake.

Baada ya vita Edward aliingia bungeni Dublin kwa kiti kilichokuwa mikononi mwa familia yake, akachoshwa mno na siasa za pale. Akapenda msichana, akazuiwa na wazazi wa msichana. Akapenda mwingine, binamu yake Georgina Lennox, akazuiwa tena. Mwaka 1788 akakimbilia jeshini, safari hii New Brunswick huko Canada, akiwa meja wa rejimenti ya 54. Huko alikutana na William Cobbett, sajini meja aliyezaliwa katika familia ya wakulima, ambaye baadaye alikuwa mwandishi mashuhuri wa magazeti Uingereza. Cobbett alichukizwa na wizi wa maofisa waliokula posho za askari, na Edward ndiye aliyemsaidia kuachishwa jeshi kwa heshima. Miaka mingi baadaye, Edward akiwa amekwisha kufa na jina lake likiwa la msaliti, Cobbett alithubutu kumsifu mbele ya Waziri Mkuu Pitt kuwa ofisa mwaminifu na mwenye kiasi.

Canada ilimfunza mambo ambayo vitabu vya Rousseau vilikuwa vimeyataja tu. Aliwaona walowezi maskini wakijenga nyumba zao kwa mikono yao, hakuna wa kumvulia mwenzake kofia, na akamwandikia mama yake kwamba maisha yale yalimvutia kuliko yote aliyozaliwa nayo. Februari 1789 yeye, Tony na ofisa mmoja walitoka Fredericton kwenda Quebec kwa miguu, wakiwa na viatu vya kutembelea juu ya theluji, wakiongozwa na dira katika misitu ambayo watu wa Ulaya hawakuwa na njia ndani yake. Walilala juu ya matawi ya misonobari, wakiizunguka moto. Baadaye, huko Detroit, alipokewa kwa taratibu zote katika ukoo wa Dubu wa Wahindi Wekundu, kisha akateremka mto Mississippi hadi New Orleans. Aliporudi Uingereza mwaka 1790 alikuta Georgina ameolewa na mtu mwingine.

Kisha ikaja Paris. Oktoba 1792 Edward alikwenda kuyaona mapinduzi ya Ufaransa kwa macho yake, akakaa nyumba moja na Thomas Paine, mwandishi aliyetetea haki za binadamu na kuchukiwa na kila serikali ya wafalme. Tarehe 18 Novemba, katika karamu ya Waingereza na Waireland waliokuwa Paris, alitangaza mbele ya watu kwamba anauvua ubwana wake. Kuanzia hapo aitwe raia Edward FitzGerald. Habari zilifika London, naye akafukuzwa jeshini bila kupewa nafasi ya kujieleza. Mwezi uliofuata alimwoa Pamela, binti aliyelelewa katika nyumba ya Duke wa Orléans, wakarudi Ireland mwanzoni mwa 1793.

Hapa tunataka kuwa waangalifu. Ni rahisi kuvua cheo kwenye karamu, glasi ikiwa mkononi. Tena Paris ile ile ilikuwa imetoka kuwaua mapadre na maaskofu magerezani mwezi Septemba, na seminari walikosoma vijana wa Ireland zilikuwa zikifungwa. Kwa sababu hiyo hiyo maaskofu wa Ireland waliiomba serikali ya London iruhusu seminari nyumbani, na serikali, ikiogopa kwamba vijana wangerudi na mawazo ya kimapinduzi, ikakubali. Kwa hiyo mapinduzi yaliyompa Edward imani yake ya kisiasa ndiyo yaliyolipa Kanisa la Ireland seminari ya Maynooth, kila upande kwa njia yake. Hatujui kama Edward aliwaza sana juu ya wale mapadre waliouawa.

Lakini maneno ya karamuni aliyaishi. Alipanga nyumba ndogo mjini Kildare, akalima bustani ya maua, akacheza mpira wa mikono na vijana wa kawaida, akanyoa nywele zake fupi kama Wafaransa, akacheza ngoma za wanakijiji. Wakubwa wenzake walimcheka. Bungeni alisimama kupinga hatua za serikali kwa maneno makali mpaka akaamriwa kuomba radhi, naye akaiomba kwa namna iliyozidi kuwaudhi. Mwaka 1793 Wakatoliki wenye kipande cha ardhi walipewa kura, lakini mlango wa bunge ukabaki umefungwa kwao, na ungefunguliwa mwaka 1829 tu. Edward alikwisha kupoteza matumaini na bunge lile.

Mwaka 1796 alijiunga na Umoja wa Waireland, chama kilichoanzishwa Belfast mwaka 1791 ili kuwaunganisha Wakatoliki na Waprotestanti kudai bunge la haki, na ambacho, baada ya kupigwa marufuku, kilikuwa jeshi la siri. Yeye ndiye aliyekuwa na ujuzi wa vita, basi akawa kiongozi wa kijeshi. Alikwenda Hamburg na mpaka wa Uswisi kutafuta msaada wa Ufaransa. Desemba 1796 meli za Wafaransa zenye askari wapatao 15,000 zilifika ghuba ya Bantry, kusini mwa Ireland, lakini dhoruba ikazizuia kutua, zikarudi. Baada ya hapo serikali iliachia askari wake vijijini kutafuta silaha. Nyumba zilichomwa, watu walichapwa viboko na kuteswa ili wataje majina.

Ndani ya chama walijaa wapelelezi. Tarehe 12 Machi 1798 viongozi karibu wote wa Dublin walikamatwa katika mkutano mmoja, baada ya mwenzao Thomas Reynolds kuwauza. Edward hakuwapo, akaanza kujificha. Ndugu zake walimsihi akimbie, na Lord Clare, mmoja wa wakubwa wa serikali, alimdokezea Ogilvie kwamba bandari zingeachwa wazi ili kijana aondoke. Alikataa. Alisema amewaingiza watu wengi mno katika jambo hili, hawezi kuwaacha peke yao. Tunadhani hapa ndipo alipouvua ubwana hasa, kuliko pale Paris. Kabaila alikuwa na mlango wa nyuma. Mkulima aliyekula kiapo naye hakuwa nao.

Katika wiki hizo za maficho Tony hakuweza kumfikia. Dublin nzima ilijua kwamba mtu mweusi yule ni mtumishi wa Lord Edward, na kama angeonekana akiingia nyumba yoyote, askari wangefuata. Aliyemtoa kati ya maiti sasa alikuwa hatari kwake kwa sababu ya rangi ya ngozi yake tu, na inasemekana jambo hilo lilimtesa Tony kuliko yote.

Serikali ilitangaza zawadi ya pauni 1,000. Aliyeichukua alikuwa Francis Magan, wakili, mwanachama wa Umoja, na Mkatoliki. Watu hawakumjua mpaka miaka mingi baada ya kifo chake. Jioni ya tarehe 19 Mei 1798, siku nne kabla ya siku iliyopangwa kwa maasi, askari walivamia nyumba ya Nicholas Murphy, mfanyabiashara wa manyoya, mtaa wa Thomas. Edward alikuwa kitandani, ana homa. Aliruka na jambia, akamjeruhi Meja Swan, kisha akamchoma Kapteni Ryan tumboni mara nyingi. Ryan alimng'ang'ania miguu bila kumwachia, mpaka Meja Sirr alipoingia na kumpiga Edward risasi begani. Ryan alikufa siku chache baadaye. Murphy alikaa gerezani zaidi ya mwaka mmoja, na askari wakaiharibu nyumba yake na mali yake. Jina lake hutajwa kwa nadra.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba kuuangusha utawala wa kidhalimu si uasi, isipokuwa pale ambapo vurugu yake itawaumiza watu kuliko udhalimu wenyewe. Tumejadiliana sana juu ya sharti hilo la pili. Askofu Mkuu Troy wa Dublin aliwatenga waasi na Kanisa. Padre John Murphy wa Boolavogue aliwaambia waamini wake wasalimishe silaha, lakini baada ya kuona nyumba zao zikichomwa akawaongoza vitani, na tarehe 2 Julai akanyongwa. Maynooth iliwafukuza baadhi ya mafrateri waliokiri kula kiapo cha Umoja. Na tarehe 5 Juni, huko Scullabogue, waasi waliwachoma moto ghalani wafungwa zaidi ya mia moja, wengi wao Waprotestanti, wakiwamo wanawake na watoto. Hicho si kile Edward alichokipigania, lakini kilitokea ndani ya maasi aliyoyaandaa. Kwa jumla waliokufa kiangazi kile wanakadiriwa kuwa kati ya 10,000 na 30,000. Mwanzoni mwa 1801 bunge la Ireland lilifutwa, nchi ikaunganishwa na Uingereza.

Edward hakuyaona hayo. Alilazwa katika gereza la Newgate, Dublin, jeraha likiingia sumu. Pamela, aliyekuwa amejifungua mtoto wa tatu wiki chache tu kabla, aliamriwa kuondoka nchini. Ndugu walikatazwa kumwona. Alisikia kelele nje ya dirisha mfungwa mwenzake akinyongwa. Usiku wa mwisho tu ndipo shangazi yake Louisa Conolly na kaka yake Henry waliporuhusiwa kuingia, na Lord Clare mwenyewe aliwapeleka, akasubiri chumba cha pili akilia. Edward aliwatambua, akafurahi, kisha akapoteza fahamu tena. Alifariki alfajiri ya tarehe 4 Juni 1798, akiwa na miaka 34.

Alizikwa usiku katika kaburi la chini ya kanisa la Mtakatifu Werburgh, kanisa la Kianglikana, karibu na ngome ya serikali aliyotaka kuiteka. Bunge lilipitisha sheria ya kumhesabu msaliti na kuwanyima watoto wake urithi. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1819. Meja Sirr, aliyempiga risasi, aliishi hadi 1841. Naye amezikwa hapo hapo, uani.